‘Sina uzoefu’: Jibu linalowanyima vijana wetu kazi

TANGU Bandari Kavu ya Kwala ilipozinduliwa Julai 31, 2025, mazungumzo ya Mlandizi na Maili Moja yameongezeka jambo moja. Mfugaji anayeulizia bei ya pumba anaulizia pia kama kuna ghala au kiwanda kinachochukua watu. Vijana wa Kisarawe nao, kuanzia Mzenga hadi Maneromango, wanazunguka na bahasha zao za kaki.

Ndugu msomaji, ninachotaka kusema leo kinawahusu vijana hao wanapobahatika kuitwa kwenye usaili. Kijana anaulizwa, “Una uzoefu gani?” Anainamisha kichwa: “Sina.” Kumbe huyo huyo amesimamia banda la mama yake lenye kuku mia mbili tangu alipomaliza kidato cha nne!

Anayeuliza swali hilo mara nyingi hatafuti jina la kampuni kubwa. Anataka kujua kama utafika asubuhi kwa wakati, kama unajua kuhesabu, na kama mali uliyokabidhiwa itakuwepo jioni. Sasa banda la kuku ni kitu gani? Trei ni mayai 30. Yaliyovunjika yanaandikwa. Chanjo ya kideri ya matone inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na chanjo hiyo inatengenezwa hapa hapa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Aliyeandika hayo kwenye daftari anajua kutunza stoo.

Mtoto wa mkulima wa korosho naye ameanika, amechambua daraja la kwanza na la pili, amesimama kwenye mzani wa chama cha msingi na kuhakikisha kilo za baba yake hazipungui. Matangazo ya kazi huita kazi hiyo udhibiti wa ubora.

Lawama kubwa naiweka kwa wazazi wanaomtisha mtoto kwa jembe: usiposoma utalima. Akikua analionea haya shamba, analificha mbele ya msaili. Inashangaza zaidi kwa Kibaha, mahali ambapo mradi wa nchi za Nordiki ulioanza 1963, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, uliweka pamoja shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya.

Wapo watakaosema kazi zinatolewa kwa kujuana. Zipo hizo, sikatai. Lakini kwa nini kijana apoteze hata zile anazoulizwa kwa haki?

Mzazi, tenga jioni mbili. Wewe uliza, yeye ajibu kwa sauti. Akiambiwa “Jieleze”, asianze na kuzaliwa kwake. Aseme amefanya nini, kwa muda gani, kwa idadi ipi. Kwa “Kwa nini tukuajiri?” wengi hujibu “nina shida.” Waliokaa kwenye foleni wote wana shida. Akiulizwa udhaifu, ataje mmoja wa kweli na anavyoupunguza. Kuhusu mshahara, ajue kwanza kima cha chini cha sekta anayoiomba, kwani viwango hutofautiana, na vile vipya vya sekta binafsi vilianza kutumika Januari 1, 2026.

Binti akiulizwa kama ana mimba au ataolewa lini, afahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito au ndoa, na inamlinda hata anayeomba kazi. Ajibu kwa upole kwamba yuko tayari kwa majukumu yaliyotangazwa.

Daftari la banda aende nalo. Fundi aliyejifunzia mtaani bila cheti aulize VETA kuhusu utaratibu wa kurasimisha ujuzi.

Mwishoni kuna swali ambalo vijana wengi hulijibu kwa “hapana, asante”: “Una swali lolote?” Hapo ndipo pa kuuliza muda wa majaribio ni miezi mingapi, na lini atapewa kwa maandishi maelezo ya ajira yake, ambayo sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ayatoe. Na kwa anayetoka Maneromango, aulize zamu ya jioni inaisha saa ngapi, kabla hajasaini kazi ambayo hatapata gari la kumrudisha nyumbani.