Kipakatalishi Kinapoamka bila Mtandao

Mtumiaji wa Linux hukifunika kipakatalishi chake, akakifunua baada ya saa moja na kukuta mtandao pasiwaya umetoweka. Wengi huizima mashine na kuiwasha upya, na kazi ambayo haijahifadhiwa ikapotea bure. Aghalabu kilichokwama ni kiendeshi, yaani programu inayoiunganisha kadi ya mtandao na kiini cha mfumo: mashine imeamka, kadi ingali usingizini. Kwa kadi nyingi za Intel, amri ya sudo modprobe -r iwlmvm hukiondoa kiendeshi, na sudo modprobe iwlwifi hukirejesha.

Amri ya dmesg husimulia kisa chote, ila kwa Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, menyu zikasema Kiswahili. Lakini menyu ni lebo tu, ilhali hitilafu hudai maelezo ya chanzo na tiba. Ingefaa wanaisimu wanaobishania tarakilishi na kompyuta (ubishi usiokoma!) waandike mwongozo wa hitilafu hii moja. Hapo ndipo itakapojulikana iwapo maneno kiendeshi na kiini yanaeleweka kwa mwanafunzi ambaye tasnifu yake imo ndani ya mashine hiyo.