Mlinzi Aliyeitwa Mwizi

Nasema wazi, ndugu msomaji: fundi asiyejua namsamehe, asiyetaka kutazama simsamehe. Mwezi wa Novemba, joto la Lindi likiwa halivumiliki, kompyuta yangu ya Apple ikawa nzito. Orodha ya kazi zake ilionyesha “kernel_task” imeshika karibu prosesa yote. Fundi akatamka kuwa ni kirusi, akafuta kila kitu. Humo mlikuwa na sauti za wazee wa Kilwa Kivinje wakimsimulia Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Wawili kati yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Kesho yake mchana, uzito uleule! Kumbe Apple wenyewe wameeleza: kernel_task ni sehemu ya mfumo, na mojawapo ya kazi zake ni kuishika prosesa ili programu nyingine zipate kidogo, joto lipungue. Dawa ikaitwa ugonjwa. Angeweka kiganja tu chini ya mashine (kiganja hakinunuliwi) angelijua. Nilifungua mwenyewe, nikakuta feni imezibwa na vumbi. Nikaipangusa kwa brashi, ikapona.

Nilipomwendea, alinijibu bila haya kwamba kupangusa vumbi hakuna anayekulipia.