KONDOA ILIKWISHA LIPA ADA

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi za nchi hii huwa na furaha ya siku mbili na mashaka ya miezi miwili. Kijana amefaulu, chuo kimemkubali, na sasa yuangoja kuambiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kama atapata mkopo, na akipata, ni kiasi gani. Wazazi wenye mbuzi huanza kuwahesabu mbuzi. Wasio na mbuzi huwahesabu jamaa.

Leo twapenda kusema juu ya mmoja katika vijana hao, ambaye hatajwi sana. Ni yule aliyechagua kusoma elimu ya mazingira, yaani udongo, misitu, maji, na namna binadamu awezavyo kuishi navyo bila ya kuviharibu. Na twapenda kusema juu yake tukiwa tumeitazama Kondoa, kwa kuwa hatujui wilaya nyingine katika Tanzania iliyojifunza elimu hii kwa gharama kubwa kuliko ile.

Msomaji aliyepata kusafiri kutoka Dodoma kwenda Babati, kwa barabara ya lami iliyofunguliwa mwaka 2018, ameviona vilima vya Irangi. Ameyaona pia makorongo yake, mengine yenye kina cha kumeza nyumba nzima na bati lake. Makorongo hayo hayakuchimbwa na shetani. Ardhi ile imelimwa na kuchungwa kwa vizazi vingi. Miti ilikatwa kwa mashamba na kwa kuni, na wakati wa Waingereza vichaka vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Mvua za Kondoa si nyingi, lakini zinapokuja huja kwa hasira, na zikiikuta ardhi iko uchi huibeba. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwalazimisha watu wachimbe matuta. Watu wakayachukia matuta pamoja na waliowaamuru, na hapana ajabu.

Baada ya Uhuru, Serikali yetu ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, mwaka 1973, kwa msaada wa fedha kutoka Sweden. Matrekta yalichimba makinga maji, vitalu vya miche vikafunguliwa, na miti ikapandwa. Lakini ng'ombe na mbuzi walikuwa palepale, wakila leo kilichopandwa jana. Ndipo mwaka 1979 likaja agizo ambalo wazee wa Haubi, Kolo na Mnenya hawajalisahau: mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika. Eneo lenyewe lilikuwa la kilomita za mraba 1,256, na mifugo iliyotolewa ilikaribia 90,000.

Yafaa tusimame kidogo katika hesabu hiyo. Kwa Mrangi, ng'ombe si nyama tu. Ni mahari ya kijana, ni samadi ya shamba, ni maziwa ya mtoto, na ni akiba ya mwaka wa njaa. Mwenye jamaa nje ya eneo lile alimpelekea mifugo yake amtunzie. Asiye na jamaa aliuza kwa bei aliyoikuta. Hapana mfanyakazi anayesoma gazeti hili ambaye angekubali kwa moyo mweupe kuambiwa kwamba kuanzia kesho akiba yake yote ihame wilaya, kwa faida ya watu watakaozaliwa baadaye. Watu wa Kondoa waliambiwa hivyo, na ng'ombe wakatoka.

Na ardhi ikaitikia. Katika muda wa miaka michache majani yalirudi, vichaka vikaota milimani, na mito ya mchanga ambayo kila masika ilikuwa ikitanuka ikaanza kusinyaa. Palipokuwa mchanga mtupu watu wakalima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kuruhusiwa ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani, wanaokatiwa majani na kuletewa. Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Mzigo mwingine ulihamishwa tu, kwa maana ng'ombe waliotolewa Irangi walikwenda kukanyaga ardhi ya wengine. Na maskini aliyekuwa na mbuzi watatu aliumia kuliko tajiri aliyekuwa na ng'ombe mia. Hata hivyo, wageni kutoka pande nyingi za dunia walikuja kuitazama Kondoa, kujua jinsi ardhi iliyokufa ilivyoweza kuvuta pumzi tena.

Hiyo ndiyo ada tunayoisema. Kondoa ilikwisha ilipa, kwa mifugo yake yenyewe. Swali letu ni hili: aliyesoma kwa ada hiyo ni nani?

Wasomi wa Sweden walisoma. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Profesa Anders Rapp na wenzake wa Uppsala, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa wakipima mmomonyoko wa udongo katika nchi yetu. Wilhelm Östberg alichapa kitabu kizima juu ya mabadiliko ya Kondoa, huko Uppsala, mwaka 1986. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Stockholm kiliendesha utafiti mkubwa katika vilima hivyo kwa kushirikiana na vyuo vyetu. Na Watanzania pia walisoma, tena wakasoma vizuri. Profesa Idris Kikula, aliyeandika sana juu ya mambo ya Kondoa, ndiye aliyekuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007. Hatuwalaumu Waswidi hata kidogo, bali twawashukuru. Mtu akija kukusaidia kulima, humuulizi kwa nini jembe ni lake.

Lakini jembe la kuazima hurudi kwa mwenyewe. Katika miaka ya 1990 fedha za Sweden kwa HADO zilikoma. Matrekta yakanyamaza, vitalu vikapungua, na mifugo ikaanza kurudi, mingine usiku na mingine mchana kweupe. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi katika nchi nyingi ilikatika kama kamba iliyooza. Taifa linalotaka kujua hali ya udongo wake haliwezi kungoja bajeti ya Bunge la watu wengine.

Sasa na tuyatazame ya nyumbani. Mwaka 2004 Bunge letu lilitunga Sheria Namba 9, iliyoanzisha Bodi ya Mikopo. Mwaka huo huo Bunge hilo hilo likatunga Sheria Namba 20, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo inataka kila halmashauri ya jiji, manispaa, wilaya na mji iwe na ofisa wake wa mazingira. Sheria ya kwanza yasema jinsi kijana atakavyosomeshwa. Ya pili yasema kazi ipo inayomngoja. Ni ndugu wa tumbo moja, lakini mpaka leo hawaamkiani. Hapana kifungu katika yoyote kinachosema: kijana huyu asomeshwe kwa ajili ya kazi ile, mahali pale.

Matokeo yake kila mtu ayajua. Kijana akopa, asoma miaka mitatu au minne, atoka na shahada, kisha aanza kuzunguka na bahasha mkononi. Deni lamfuata. Ndugu mfanyakazi uliyesoma kwa mkopo, wewe walijua jambo hili kuliko sisi. Tazama tu hati yako ya mshahara. Tangu mwaka 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hapo nyuma palikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo Serikali iliifuta mwaka 2021 baada ya kilio cha muda mrefu cha wafanyakazi. Daktari na mhandisi hulipa wakinung'unika, lakini hulipa. Mtunza udongo atalipa kwa mshahara wa nani? Korongo halina mwajiri. Mti haulipi mshahara mwisho wa mwezi. Kwa sababu hiyo kijana mwenye akili, ambaye angependa kusoma elimu ya ardhi, hupiga hesabu akaenda kusoma biashara, na hatuwezi kumwita mjinga.

Kwa hiyo twasema wazi: kwa elimu hii, mkopo peke yake haufai. Panatakiwa ruzuku, nayo ifungamane na utumishi.

Serikali imekwisha onyesha kwamba ruzuku yawezekana. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo Ufadhili wa Samia, unaowalipia gharama wanafunzi waliopata alama za juu kabisa katika masomo ya sayansi na wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, tiba na teknolojia. Ni jambo jema, na twaliunga mkono. Lakini mlango huo hufunguliwa kwa alama za juu kabisa, na mtoto wa shule ya kata iliyo nyuma ya vilima, isiyo na maabara ya kutosha, atazipata wapi alama hizo? Huenda yeye ndiye aliyekua akiliona korongo likilila shamba la babu yake mwaka hata mwaka. Huyo anajua swali kabla hajafundishwa jibu.

Hapa tunakumbuka jambo letu wenyewe. Tulipokuwa katika shule ya misheni tulikariri Bonde la Tennessee huko Marekani: mabwawa yake, mmomonyoko wake, na jinsi Wamarekani walivyolitengeneza tangu mwaka 1933. Tuliyajibu maswali yote na tukapata alama nzuri. Hapana mwalimu aliyetuambia kwamba yapo makorongo Kondoa, mwendo wa siku moja tu kwa basi, na kwamba watu wetu wenyewe wamefanya kazi ya namna ile bila ya bwawa hata moja. Tulikuja kuyasikia tukiwa watu wazima.

Nafasi moja ya masomo yaweza kuzaa nini? Mwaka 1960 msichana mmoja kutoka kijiji cha Ihithe, Nyeri, alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani, katika mpango uliohangaikiwa na Tom Mboya na rafiki zake. Akasoma elimu ya viumbe. Huyo ni Wangari Maathai, aliyeanzisha mwaka 1977 harakati za kupanda miti na kina mama wa Kenya, na aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Waliochanga fedha zile hawakujua kwamba walikuwa wakinunua mamilioni ya miti.

Tunavyoona sisi, halmashauri zenye ardhi iliyoharibika, Kondoa ikiwa ya kwanza, zitenge kila mwaka fedha za kuwasomesha vijana wao wachache, hata wawili tu, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, au Sokoine huko Morogoro, au Chuo cha Mipango kilichopo Dodoma mjini. Serikali Kuu iongeze kiasi kile kile kilichotolewa na halmashauri. Kijana atie sahihi kwamba akimaliza ataitumikia halmashauri yake kwa miaka 5, nayo halmashauri itie sahihi kwamba atakuta kiti, meza na mshahara. Hili si jambo geni. Katika miaka ya 1960 vijana waliosomeshwa kwa fedha za umma waliahidi kuitumikia Serikali kwa miaka 5. Naye Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge mwaka 1964, aliwafananisha waliosomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula; asiporudi, amewasaliti.

Liko sharti moja ambalo hatutalilegeza. Kila anayesomeshwa kwa fedha hizi, atakapoandika utafiti wake, auandike pia kwa Kiswahili chepesi, kisha ausome mbele ya mkutano mkuu wa kijiji alichokitafiti, na wazee wapate nafasi ya kumkatalia. Wazee wa Irangi wamepimwa, wamehojiwa na kupigwa picha kwa muda wa miaka 50. Maandishi yaliyotoka humo yamejaa makabati ya maktaba, kwa Kiingereza. Mwenye ng'ombe aliyetoa ng'ombe wake hajasomewa hata ukurasa mmoja.

Tunajua watakaotupinga. Wako watakaosema hospitali hazina waganga wa kutosha, nasi twazungumza habari za majani. Twawajibu kwamba mtoto anayekosa maziwa na maji safi huishia hospitali hiyo hiyo. Wako watakaosema fedha hizi zitakwenda kwa mtoto wa shemeji ya mheshimiwa fulani. Hofu hiyo ni ya haki, na hatuicheki. Ndiyo sababu majina ya waombaji, pamoja na alama zao na hali za wazazi wao, yabandikwe katika ofisi za kata kwa muda wa mwezi mzima kabla ya uamuzi. Na wako watakaosema halmashauri ni maskini. Lakini halmashauri hizo hizo hutakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hatutaki senti moja ya fungu hilo iguswe. Tunalitaja kwa kuwa lilipoanza kudaiwa nalo liliambiwa haliwezekani.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio huandaliwa miezi mingi kabla ya siku hiyo. Diwani wa kata yako atakapoitisha mkutano, mwulize kama katika makisio hayo limo fungu la kumsomesha kijana mmoja wa kutunza udongo. Akisema limo, mwombe akuonyeshe ukurasa. Akisema halimo, mwulize ni nani aliyeliondoa, au kama kuna aliyelitia tangu mwanzo.