Mtu Mzima Kwenda Kusomea Uuguzi: Mfuko Wetu Umsaidie

Na Mwanachama wa Kusini Pemba

Wanachama wenzangu, naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya kifungu kimoja cha Mfuko wetu wa Masomo, kile kisemacho kwamba msaada utolewe kwa "mtoto wa mwanachama asiyezidi umri wa miaka 25". Mimi nilikuwamo katika kamati iliyokiandika kifungu hicho, na nilikipenda. Leo nataka kibadilishwe. Yanipasa nieleze kwa nini nimegeuka, maana mtu akigeuka pasipo kueleza huitwa kigeugeu, na kwa haki.

Mwaka 2016 alitujia bibi mmoja, mwanachama mwenzetu, mwenye mikarafuu sita aliyorithi kwa babake. Wengi wenu mwamjua, lakini sitamtaja jina kwa kuwa hapendi. Kwa miaka 17 alikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia karafuu, na wengi tumepokea stakabadhi zilizoandikwa kwa mkono wake. Umri wake ulikuwa miaka 38, mama wa watoto watatu, naye alitaka kwenda kusomea uuguzi. Aliomba Mfuko umsaidie nauli ya meli na kodi ya chumba Unguja kwa miaka mitatu. Tulimsikiliza kwa adabu, tukamwambia kifungu hakiruhusu. Alipotoka nje tukacheka. Mmoja wetu akasema, huyu atakapomaliza masomo, yeye ndiye atakayehitaji kuuguzwa. Nakiri kwamba aliyesema hayo ni mimi.

Hatukumwuliza amefikaje mpaka hapo. Baadaye ndipo nilipojua. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni masomo ya miaka mitatu, na anayetaka kuingia hana budi awe amefaulu Kidato cha Nne, na masomo ya Kemia, Baiolojia na Fizikia yamo katika yale anayotazamiwa. Bibi yetu alipokuwa msichana aliikimbia Kemia kama wengi walivyoikimbia. Basi ukubwani akairudia. Mchana akipima magunia, usiku akisoma na mwanawe mkubwa meza moja, mama na mtoto wakigombea taa. Akafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukumbini pamoja na vijana aliowaona wakibebwa mgongoni. Mtu aliyefanya hivyo si mtu aliyekuja kutubahatisha, lakini sisi tulitazama mwaka wake wa kuzaliwa tu.

Tulipomkatalia hakulalamika. Alikodisha mikarafuu yake kwa misimu mitatu kwa bei ambayo mkodishaji yeyote mwenye haja huipata, nanyi mwajua ni bei gani hiyo, akauza na cherehani yake. Akavuka bahari kwenda chuo cha afya cha Mbweni, ambacho sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mwaka 2019 akamaliza, akasajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, kisha akapata kazi katika kituo cha afya kisicho mbali na shamba langu. Nami nilipokutana naye njiani nilimwamkia, nikapita upesi.

Mwezi wa Septemba mwaka 2022, kambini kwangu, mtoto wa ndugu yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu. Tawi la mkarafuu mwalijua: halipindi, hukatika. Alianguka kutoka urefu wa nyumba na zaidi, akalala chali, akasema miguu yake ina ganzi. Tukataka kufanya kama tufanyavyo siku zote. Wawili wakamshika mikono, wawili wakamshika miguu, gari ya ng'ombe ikasogezwa. Mimi nikapiga simu kwa yule bibi, si kwa kutaka shauri, bali kumwarifu kwamba tuko njiani. Akauliza kaangukia wapi. Nikasema mgongo. Akasema, "Ami, waambie wamwachie sasa hivi. Asinyanyuliwe, asikalishwe, asipewe maji. Nakuja."

Alifika juu ya pikipiki, na sauti yake ilimtangulia. Ilikuwa sauti ile ile ya kituoni, wakati sote tulipokuwa tukisukumana na magunia yetu naye akituambia, "Mmoja mmoja, mizani haikimbii!" Akamweka mtu mmoja kichwani, akamwambia akishike kichwa kwa mikono miwili, asikiachie hata akiumwa na siafu. Akaamuru mlango wa banda ung'olewe. Akatupanga watu ubavuni mwa mgonjwa, akahesabu moja, mbili, tatu, tukamgeuza mara moja kama gogo, mgongo usipindike; mlango ukaingizwa, tukamlaza juu yake. Akakunja kanga mbili akazitia huku na huku ya kichwa, akamfunga kwa kamba za majamvi asitikisike. Njiani akaandika saa, mapigo ya moyo na pumzi, kila baada ya dakika chache, kwa mwandiko ule ule wa stakabadhi zetu. Alipoulizwa spitali uzito wa mgonjwa alisema kilo 58. Baadaye sana kijana alipoweza kupimwa alikuwa na kilo 57. Miaka 17 ya mizani haikupotea bure.

Madaktari walisema mfupa wa uti wa mgongo umepasuka, ila uti wenyewe haukukatika. Kijana sasa anatembea. Hapandi tena mikarafuu, anaanika na kupeta. Sisemi kwamba lau tungemtia garini tungemwua au kumlemaza. Hayo ni elimu ya Mwenyezi Mungu. Lakini nimewaza mara nyingi juu ya wale tuliowabeba miaka iliyopita kwa mikono na miguu, nanyi wengine mnao watu wenu wa kuwawazia.

Sasa nije katika hoja. Wako wasemao kwamba kumsomesha mtu wa makamo ni hasara, kwa kuwa miaka yake ya kazi ni michache. Hesabu yenyewe si ngumu. Mtumishi wa Serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Aliyeanza kazi ya uuguzi na miaka 41 ana miaka 19 ya kutumika. Kijana wa miaka 23 anayo 37, hiyo ni kweli, na kwa karatasi kijana ashinda. Lakini tazameni orodha ya wale tuliowasomesha sisi wenyewe, muone wangapi wako Dar es Salaam na wangapi wako Muscat. Siwalaumu, kila mtu hufuata riziki yake, na wengine hutuma fedha nyumbani. Nasema tu kwamba mwenye watoto skuli, mama mzee nyumbani na mikarafuu sita shambani hang'oki kwa urahisi.

Tena yuko mgonjwa mwenyewe. Mwanamume wa shamba wa miaka 50 mwenye kisukari haoni taabu kumdanganya msichana mdogo kwamba amemeza dawa zake. Bibi yetu hadanganyiki. Amezoea watu waliokuwa wakitia maji karafuu ili zizidi uzito, akazijua kwa kuzishika tu. Na akina mama wanaokwenda kujifungua, wengi wao husema mbele ya aliyekwisha kuzaa yale ambayo wangeyaficha mbele ya asiyezaa.

Lakini nisiwadanganye kama mwuza ng'ombe. Nilikwenda kumwomba radhi bibi yule, akanisamehe kabla sijamaliza maneno, nikapata nafasi ya kumwuliza lililomtaabisha kupita yote. Nilidhani atasema Kemia, au zamu za usiku, ambazo kwa mtu wa makamo ni nzito kweli: magoti huuma, na usingizi wa mchana nyumbani kwenye watoto si usingizi. Akasema la. Lililomtaabisha ni kuamrishwa. Alikuwa amezoea kwamba neno lake ndilo mwisho mbele ya mizani. Chuoni na wodini akawa wa chini kabisa, na aliyemsahihisha mbele ya wagonjwa alikuwa binti wa jirani yake, aliyewahi kumkata kucha. Alilia mara mbili, asema, kisha akaacha kulia kwa sababu binti yule alikuwa akisema kweli.

Kwa hiyo si kila mtu ni wa kazi hii, na haifai mtu kuikimbilia kwa sababu tu mikarafuu haikuzaa mwaka huu. Aliyeshindwa kuwavumilia wachumaji wake hatawavumilia wagonjwa. Tena mwenye nia asikawie, na kabla ya kuuza hata kuku aulize sharti la umri katika matangazo ya kazi, asije akamaliza masomo akakuta mlango umefungwa.

Na wale wasemao kwamba jambo hili ni geni, kwamba mtu aache kazi yake aanze uuguzi ukubwani, nawajibu kwa habari za Clara Barton wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1821 katika jimbo la Massachusetts. Alipokuwa mtoto, kaka yake David alianguka kutoka juu ya ghala la shamba, naye akamuuguza kwa muda wa kama miaka miwili. Hata hivyo alipokua akashika kazi nyingine. Alisomesha kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1852 alianzisha skuli ya bure katika mji wa Bordentown, watoto wakajaa, mji ukajenga jengo jipya, kisha wakamweka mwanamume juu yake kwa mshahara mkubwa kuliko wake. Akaondoka, akawa karani wa Serikali mjini Washington, katika ofisi ya hati za uvumbuzi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 alikuwa na miaka 39, na hapo ndipo alipoanza kuwahudumia majeruhi. Mwaka 1862 alikuwa Antietam, katikati ya mapigano. Vita vilipokwisha, ule ukarani wake ukatoa matunda: alifungua ofisi ya kutafuta askari waliopotea, ikajibu barua zaidi ya 63,000 na kupata habari za watu zaidi ya 22,000. Mwaka 1881, akikaribia miaka 60, akaanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani. Kweli, yeye hakusomea uuguzi chuoni, kwani vyuo vya namna ya Florence Nightingale vilianza huko mwaka 1873. Siku hizi hapana njia ya mkato, na ndiyo maana naomba fedha.

Wauguzi hawatoshi popote. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 yasema mwaka 2023 dunia nzima ilikuwa na wauguzi milioni 29.8, na pengo la milioni 5.8. Wenye fedha watawavuta wa kwetu, hilo hatuliwezi. Lililo katika uwezo wetu ni kuwatazama watu ambao hawavutiki upesi. (Karafuu yenyewe, nikumbushe, iliingia spitali zamani, maana mafuta yake ndiyo madaktari wa meno watumiayo katika dawa za kutuliza jino, sioni ajabu mwenye karafuu akiifuata huko huko.)

Basi katika mkutano mkuu ujao nitaleta hoja kwamba kifungu kisomeke hivi: "Msaada utolewe kwa mwanachama au mtoto wa mwanachama, wa umri wowote, aliyekwisha kupata nafasi chuoni, na ambaye umri wake hautamzuia kuajiriwa atakapomaliza." Naongeza sharti moja kwa watu wazima: wafanye kazi kisiwani humu miaka mitano, au warudishe fedha. Wale watakaosema kwamba fedha za watoto zitakwisha, naomba waje na daftari za Mfuko, kwa kuwa mimi nimezitazama, na mwaka jana palibaki fedha ambazo hazikuombwa na mtoto yeyote.

Watu wawili wamekwisha kuniuliza fomu. Mmoja ni fundi cherehani wa miaka 36, wa pili ni mwalimu wa miaka 40. Nimewaambia wangoje siku ya mkutano, na kwamba safari hii sitacheka.