Vumbi la Same, nani kalipima?

Makamanda, fika stendi ya Same saa kumi jioni, basi la Arusha linaingia, la Dar linatoka, na lori limesimama pembeni linanguruma bila kuzimwa. Mama muuza ndizi anafuta meza kwa kanga, dakika mbili tu meza imeshabadilika rangi. Muulize kama hewa ni chafu, atakucheka. Sasa nenda ofisi yoyote ya umma uulize: ni chafu kiasi gani? Hapo utaambiwa uje kesho.

Mji wetu una kituo cha hali ya hewa kinachopima mvua na joto. Ndiyo maana mkulima wa Hedaru akisema mvua zimepungua, kuna rekodi ya kumuunga mkono au kumpinga. Rekodi ya namna hiyo ya vumbi na moshi, mimi sijawahi kuiona ikitolewa kwa wananchi wa Same.

Nasoma sheria, kwa hiyo naliona jambo hili kwa jicho la ushahidi. Karatasi tunazo. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamfungulia mlango wa mahakama. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007. Lakini Sheria ya Ushahidi nayo inasema anayedai ndiye athibitishe. Utathibitisha nini, kikohozi?

Mtaniambia Tabata walishinda. Kweli, mwaka 1988 Joseph Kessy na wenzake waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa moshi na harufu ya jalala, Mahakama Kuu ikaamuru jiji liache kutupa taka pale. Jiji likaendelea kuomba muda, hadi 1991 Jaji Lugakingira akalikatalia na kuliambia kuwa linahatarisha haki ya watu ya kuishi. Ni kesi tamu kuisoma. Ila pale moshi ulionekana kwa macho na chanzo kilikuwa kimoja.

Same siyo hivyo. Huku tambarare ni kukavu na upepo wenyewe unabeba vumbi. Kuna machimbo ya jasi kule Makanya, kuna dizeli ya barabara kuu, kuna taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, kuna mkaa wa mama ntilie. Panda Chome ukavute hewa ya msitu wa Shengena, halafu ingia jikoni kwenye mafiga matatu uone kama utakaa dakika kumi. Vyote hivi tunaviita "hewa chafu", kumbe dawa zake ni tofauti. Vumbi kubwa linakera macho na pua. Chembe laini za moshi, zile za chini ya maikroni 2.5, ambazo unywele mmoja unazizidi unene zaidi ya mara ishirini, zinapita hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizi hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Sisi tuko wapi? Bila kipimo, mwenye lori atamlaumu mchimbaji, mchimbaji ataulaumu upepo, na upepo hauitwi mahakamani.

Na tusisahau 2018, Sheria ya Takwimu iliporekebishwa ikawa ni kosa kuchapisha takwimu za kupinga zile rasmi. Kelele zikapigwa, 2019 wakalegeza. Ule mlango uliofunguliwa tumeutumia kufanya nini? Tusidanganyane: hata majukwaani kwetu kuna namba zinazotungwa njiani, ndani ya gari. Viongozi wa Afrika walikubaliana Addis Ababa mwaka 2007 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Tanzania haijafika. Tuidai hiyo kwa sauti, lakini tusikae kuisubiri.

Uganda hawakusubiri. Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi wa AirQo, ulioanza 2015. Wanatengeneza vifaa vya bei nafuu vya kupima chembe hizo, wamevifunga hadi kwenye bodaboda, na vipimo viko wazi mtandaoni. Vifaa vya aina hiyo vina udhaifu: ukungu huweza kuvidanganya vikasoma moshi, kwa hiyo ni lazima vilinganishwe na mtambo mkubwa wa uhakika. Tukiruka hatua hiyo, wakili wa upande wa pili atatuchana asubuhi tu.

Pendekezo langu kwa vijana wa Same Mashariki na Magharibi ni hili. Tuandike barua rasmi halmashauri na NEMC kuomba vipimo vyovyote vya hewa walivyonavyo; majibu, au ukimya wao, tuvichapishe hapa. Pili, tuchange tununue vifaa viwili, kimoja kikae karibu na stendi, kingine juu milimani. Anayemjua mwalimu wa fizikia atakayekubali kifungwe kwenye paa la maabara yake, aniletee jina kabla ya kikao.