Kushindwa Nako ni Elimu



Huku kwetu Shinyanga na Geita, matokeo ya mitihani yatangazwapo, nyumba nyingine huwa kama zilizofikwa na msiba. Kijana aliyeshindwa hutukanwa mbele ya wadogo zake. Halipiti juma, keshakimbilia kwenye maduara ya dhahabu, na madrasani hatumwoni tena. Na tujiulize: kilichompoteza ni mtihani, au ni ndimi zetu?

Tuvitazame vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliweka wapiga mishale 50 kilimani, akawaamuru wasiondoke kwa hali yoyote. Walipoona adui anakimbia, wengi wao waliteremka kufuata ngawira. Khalid bin Walid, aliyekuwa bado hajasilimu, akazunguka nyuma, na Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi. Mwenyezi Mungu, katika Surat Aali Imran, aliwabainishia sababu waziwazi: kuzozana, kuasi amri, na tamaa ya dunia. Kisha, katika sura hiyo hiyo, akamwamrisha Mtume wake awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao. Hawakufichwa kosa lao, wala hawakufukuzwa. Mwaka wa 5 Waislamu walisimama imara penye Handaki. Mwaka wa 8 Makka ikafunguliwa.

Hata ardhi yetu ina mazingatio. Dakta John Williamson, Mkanada, alitafuta almasi miaka kadhaa, na mahali pengi asipate kitu. Lakini mpekuzi mwenye akili, akikosa hapa, amekwisha kujua pa kutorudi. Na mwaka 1940 akaigundua Mwadui. Ama mtu achimbaye shimo lile lile tupu kila siku, asiulize kwa nini ni tupu, huyo havuni elimu, huvuna uchovu.

Basi, enyi wazazi, mtoto akishindwa, kaeni naye faraghani mtafute sababu. Je, ni hesabu zilizomlemea? Ni macho yasiyouona ubao? Ni siku nyingi mno za kuchunga ng'ombe? Au ni uvivu? Kila ugonjwa una dawa yake, na matusi hayamo katika dawa hizo.

Nanyi vijana, msiseme "ni kadari" kabla hamjajihesabu nafsi zenu. Kadari twaiamini, uzembe hatukuamrishwa kuuita kwa jina hilo.

Wabillahi tawfiki.