Kiganja Kisimrudishe Mwalimu kwenye Chaki

Jumamosi iliyopita nilikuwa Ruiru nikiwaonyesha walimu wenzangu somo la hesabu kwa slaidi. Kila nilipoegemeza kiganja kwenye skrini ili niandike kwa kalamu ya kidijitali, slaidi iliruka mbele. Mwalimu mmoja akaniambia, "Mwalimu, hata mimi yalinikuta Thika, nikarudi kwenye chaki."

Mwalimu asirudi huko. Skrini nyingi za mguso hutambua ngozi kwa sababu ngozi hupitisha umeme. Kwa skrini hizo kiganja ni kidole kikubwa tu. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya kalamu, kisha uwashe chaguo la kupuuza mguso wa mkono kalamu inapotumika. Katika PowerPoint, slaidi zikiwa zinaonyeshwa, bonyeza Ctrl na P kabla ya kuandika. Kalamu ya bei nafuu yenye ncha ya mpira haitafaidika, kwani skrini haiitofautishi na kidole.

Hapo Juja, katikati ya miji hii miwili, Chuo Kikuu cha JKUAT kilishiriki kuunda vishikwambi vya shule za msingi katika mradi wa serikali ya Kenya uliozinduliwa 2016. Lakini vifaa pekee havifundishi. Dakika kumi za maarifa haya ziwekwe katika kila semina ya walimu, ili mtoto wa dawati la nyuma asipoteze somo.